Muulizeni Rubani

Makote, Newala
12 Oktoba 2024

Babu Alfredi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia. Siku tuliyomzika Babu uliniandikia jina la binti yako Getrude na soko la Masasi kwenye kipande cha boksi la sabuni, ukaniambia kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, "Ukijifungua salama niandikie. Simu hainifai, masikio yangu niliyaacha vitani." Watu wote wakageuka. Nilijifungua mwezi wa nne, na leo korosho zinaanguka. Kila nikishika kalamu mtoto analia. Akinyamaza yeye, nasinzia mimi. Ukiona doa hapo juu, ni uji.

Ni wa kiume. Nimempa jina la Babu, Optatus. Babu ndiye aliyenilea, baba wa mama yangu, na hakuna aliyenipenda kama yeye. Lakini jina hilo limeleta kesi nyumbani, na ndiyo sababu nakusumbua.

Mama Anthony, mama mkwe wangu, amekuja kunisaidia uzazi. Sina la kumlaumu. Anafua, anapika, anambeba mtoto. Ila tangu aje hajamwita kwa jina hata mara moja. Anamwita "Mgeni." Mume wangu naye, kwa kumwogopa mama yake, ananiita "Mama Mtoto." Miezi sita nimezaa na bado sijawa mama wa mtu.

Wewe ulikuwa na Babu kule alikotekwa, kwa hiyo huenda unajua. Sisi tunajua tu kwamba alikuwa rubani wa jeshi, akaangushwa kwenye Vita vya Kagera, akakaa mateka, akarudi akalima korosho. Hakuwahi kusimulia. Lakini kila siku jua likianza kulala alibeba kigoda chake nyuma ya nyumba, akakaa uso kaskazini, mikono mbele kama anashika kitu. Hapo hukupita mgongoni mwake. "Msipite nyuma yangu, wamekaa," alisema, na nyuma yake hakuna mtu. Kisha ataguna kwa muda, halafu utasikia jina. "Faruku, kwenu hapo. Shuka." Angoje. Aendelee.

Sasa mzee anayekaa machweo akisafirisha watu wasioonekana, hapa Makote wanamwitaje? Unajua wanavyomwita. Walisema urubani wa ndege ulimwisha, akabaki na urubani wa ungo. Na mwaka aliofariki Faruku muuza nyama wa Newala, basi, maneno yakapata miguu. Faruku huyo alikuwa binamu yake Mama Anthony.

Tarehe 23 Novemba, Jumamosi, tunasimika msalaba kaburini kwa Babu. Kesho yake mtoto anabatizwa, na katekista anataka jina. Anthony ameniambia, "Jina ni jina tu, tutafute lingine nyumba itulie." Ameleta Trevor, kalisikia redioni kwenye mpira. Nikamwambia jina si kanga, halibadilishwi kwa sababu jirani kalicheka. Lakini sina cha kumjibu mama yake. Mimi mwenyewe sijui Babu alikuwa anafanya nini pale.

Nieleze. Alikuwa mtu gani huko?

Ni mimi mjukuu wako,
Winfrida

*

Chidya
17 Oktoba 2024

Mama Optatus,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na doa lake. Nashukuru Mungu umejifungua salama.

Unaloniuliza siwezi kulijibu. Mle ndani Rubani alituweka kama jandoni. Wewe ni mtoto wa Newala, sina haja ya kukufundisha: ya jando hasimuliwi mwanamke, wala mwanamume ambaye hakuingia. Mke wangu nimeishi naye mpaka nikamzika, hakuyajua. Aliniuliza sana, na alikuwa na njia zake za kuuliza, lakini hakuyajua.

Nilichoruhusiwa kumjibu mtu ni maneno mawili, na ni yeye mwenyewe aliyetufundisha. Muulizeni rubani. Nami najua huko aliko haulizwi tena.

Mambo ya ungo yamenikera. Mwambie mama mkwe wako kwamba aliyekufa alikuwa mtu. Zaidi ya hapo mdomo wangu umefungwa, na aliyeufunga amezikwa nao ufunguo.

Nakutumia mbaazi mbichi. Mwenye kunyonyesha ale.

Alfredi

*

Makote
21 Oktoba 2024

Babu Alfredi,

Shikamoo. Mbaazi tumezila. Umekuwa mtu wa kwanza duniani kuniita Mama Optatus, nikaisoma hiyo mistari miwili ya juu mpaka ikanitoa machozi, halafu nikaisoma iliyobaki nikakasirika.

Umesema muulizeni rubani. Nimemuuliza. Yuko hapa mgongoni, anatafuna fundo la kanga. Anaonekana amesahau.

Sikufanyii mzaha, Babu. Hapa kwetu na hapo kwenu desturi ni moja: aliyepewa jina la mtu ni mtu yule. Mjomba wangu akipita humwamkia huyu mtoto shikamoo kwanza, ndipo amwamkie mwingine. Siku akikua nikimchapa, nitaulizwa kwa nini nimempiga babu yangu. Basi kama Babu aliingia huko kwenu, na huyu ameshaingia. Hakuna unachokivunja.

Mwandikie yeye. Hajui kusoma, nitakuwa macho yake. Macho si mwanamke wala mwanamume.

Kama unaona jina hili hajalipata kwa haki, usiandike, nami nitaelewa, na tarehe 24 ataitwa Trevor. Ila ukinyamaza ujue hapo utakuwa umejibu.

Winfrida

*

Chidya
4 Novemba 2024

Kwa Rubani Optatus,
Makote

Shikamoo, Afande.

Mgambo Alfredi wa Chidya anaripoti. Wakati ule mimi nilikuwa kijana na wewe ulikuwa na nyota begani. Sasa mimi ni mzee na wewe huna hata meno. Nimefikiri wiki mbili, nimeona macho yako yamesema kweli. Yasome polepole.

Haya unayajua, ila huenda safari ya kurudi imekusahaulisha. Ndege yako ilipigwa ng'ambo ya mto Kagera. Ulitoka na mwavuli, ukaangukia kwenye migomba, mguu ukavunjika. Sisi tulikuwa tumeshakamatwa, askari, mgambo, na wakulima waliookotwa mashambani mwao. Tulifungiwa kwenye ghala la kahawa lisilo na dirisha, tundu moja tu kule juu. Walipokutupa ndani tulidhani ni maiti. Ukajiinua, ukauliza, "Mkubwa hapa ni nani?" Kila mtu alikuwa analinda kikombe chake. Tulikuwa tumefikia kunyang'anyana maji. Ukasema, "Basi ni mimi. Aliye mgonjwa kuliko wote aje hapa penye hewa." Na hapo penye hewa ndipo walipokutupa wewe. Ukaondoka unaburuta mguu, ukampisha Mahmudu wa Tabora.

Ukauliza nani amepita jandoni. Tukainua mikono wachache. Wale wa kando ya ziwa wakacheka, kwao hakuna mambo hayo. Ukawaambia, "Leo mmeingia. Kisu tutawasamehe." Tulicheka, Afande. Kicheko cha kwanza mle ndani. Kisha ukatuapisha: ya humu ni ya humu, hayatoki.

Waliotuteka wakaanza kutuita mmoja mmoja. Walitaka tuseme kwenye redio yao kwamba jeshi letu limekwisha na nchi imetutupa. Ukatupa jibu moja kwa wote. Mkiulizwa lolote, hata jina la mama yako, sema: muulizeni rubani. Mimi nilidhani ni ujanja wa kuwachosha. Baadaye nikaelewa. Kila tulipolitamka neno lile, fimbo zetu zilihamia kwako. Walikutoa ukitembea kwa mti, wakakurudisha bila mti. Na kila mara ulisimama kwanza mlangoni, ukafunga kifungo cha shati, kilichobaki kimoja, ndipo ukaingia. Ulisema mtu haingii kwa wenzake kifua wazi.

Wakakuahidi kitanda, nyama, na daktari wa mguu, kwa kuwa wewe ni ofisa. Ukawajibu pale pale ghalani, "Wahesabuni waliomo, mlete vitanda hivyo." Hawakuleta. Masikio yangu yalikuwa bado mazima, ndiyo maana nasema nilisikia.

Sasa la machweo. Mwanga ulipoingia kwenye tundu ulituketisha safu mbili, wewe mbele, mgongo kwetu. "Fungeni mikanda." Walishatunyang'anya hata kamba za suruali. Ukawasha injini kwa mdomo. Mimi mpaka leo sijapanda ndege, Afande, lakini nimeruka. Nimeliona ziwa likiwa sahani. Ulikuwa umemdadisi kila mtu alama za kwao, ukazigeuza zionekane kutoka juu. "Faruku, lile shamba la migomba lenye mti mkavu katikati. Mkeo ameanika nguo. Kwenu hapo. Shuka." Na Faruku, mtu mzima na ndevu zake, anainuka akilia, anakwenda kukaa ukutani. Tabora ukamshusha Mahmudu. Iringa wakashuka wengine. Mwisho vile vilima vya mawe vya Masasi. Ulivizunguka kwanza, kwa maringo, ndipo ukaja Chidya. "Alfredi, bati la kanisa linang'aa. Shuka." Nami nashuka. Wenzangu wengine vitani walikaa miezi bila kuona kwao. Mimi nilifika nyumbani kila siku.

Faruku alikufa kwa kipigo. Tulidhani siku ile hutaruka. Ukaruka. Ulipofika kwao ukasema, "Faruku, kwenu hapo. Shuka," na nafasi yake wazi, ukangoja muda ule ule wa mtu kuinuka. Mahmudu naye hivyo hivyo, homa ilipomchukua. Vita vilipokwisha tukafunguliwa, ukatoka wa mwisho. Mlangoni ukanishika mkono. "Wale wawili nitaendelea nao mimi. Wewe kapumzike." Sikujua kwamba utaendelea nao maisha yako yote. Nimelijua kwenye barua ya mama yako. Niliiweka chini nikatoka nje.

Limebaki moja. Wewe hukushuka. Siku moja nilikuuliza, "Afande, na wewe je?" Ukasema rubani hashuki abiria hawajaisha. Na alama ya Makote ionekanayo kutoka juu hukutupa. Ningekuwa nayo, ningekushusha siku ile ya maziko. Nilisimama pale kaburini kama mjinga. Macho yako yakiijua, yaniandikie.

Naomba ruhusa ya kuondoka.

Mgambo Alfredi

*

Makote
10 Novemba 2024

Babu,

Shikamoo. Mwenye barua amesomewa. Nilimketisha nyuma ya nyumba, pale pale pa kigoda, nikasoma kwa sauti kwa kuwa yeye hajui kusoma. Upande wa pili wa ukuta Mama Anthony alikuwa anachambua korosho. Sikumwita, na sikumfukuza. Mwanzoni nilisikia korosho zikidondoka ndooni, kisha sikuzisikia tena.

Nilipomaliza alikuja akasimama mbali, upande wa mbele. Akaniuliza, "Huyo Faruku wa migomba, alikuwa na watoto?" Nikasema barua haijasema. Halafu akasema, "Basi Faruku wetu alikufa kwa presha tu, kama walivyosema." Akarudi kwenye korosho zake. Jina bado hajalitamka, na Trevor bado yupo mezani. Ila jioni alitoka jikoni na sufuria la moto, njia yake ya siku zote inapita nyuma ya kile kigoda kitupu. Akaizunguka nyumba nzima.

Sasa alama. Nimehangaika siku mbili nikifikiri nani amewahi kuiona Makote kutoka juu. Jibu nilikuwa nalikanyaga. Babu alichimba tangi la maji ya mvua, kama wote hapa juu ambako maji ni shida. Lakini mfuniko wake aliufanya mpana kuliko nyumba ya kuku, wa mviringo, na kila mwaka aliupaka chokaa. Mjomba alimcheka: "Chokaa kwenye tangi, unamtengenezea nani, ndege?" Babu akasema, "Ndiyo." Tukacheka sote. Mimi nilicheka zaidi yao.

Tangu afariki haujapakwa. Nimemtuma Anthony akanunue chokaa Newala. Hakuuliza ya nini.

Njoo tarehe 23, Babu. Usiposema wewe, nani atasema.

Winfrida

*

Chidya
15 Novemba 2024

Mama Optatus,

Nitafika Ijumaa na Getrude. Jumamosi msiniweke viti vya mbele na wazee wa kanisa. Mahali pangu ni nyuma ya rubani.

Alfredi

*

Makote
1 Desemba 2024

Babu Alfredi,

Shikamoo. Getrude amenipigia anasema umerudi na huzuni, unaamini watu walikuangalia tu, hakuna aliyekuelewa. Siku ile ulitupa mgongo, uso msalabani, na masikio yako ndiyo hayo. Nakuandikia uliyoyakosa.

Uliposema "Fungeni mikanda" kuna vijana walicheka. Uliposema "Faruku, kwenu hapo, shuka," ukangoja, waliacha. Padri alifunga kitabu chake. Ulingoja muda mrefu, na hakuna aliyekohoa. Kulikuwa na wanawake wanapitisha ndoo za maji kuelekea jikoni, njia inapita nyuma yako. Walisimama, wakarudi, wakazungukia kwenye mihogo. Hakuna aliyewaambia. Mpaka umemaliza hakuna mtu, hata mtoto, aliyepita nyuma yako wala nyuma ya kaburi. Walikuwa watu wale wale wa maneno ya ungo.

Ukamshusha Mahmudu. Ukavizunguka vilima vya Masasi, ukajishusha mwenyewe Chidya. Ukasema, "Makote. Mfuniko mweupe, chokaa mpya. Rubani, kwenu hapo." Ukainua mkono.

Wewe unadhani ulimaliza, Babu. Hukumaliza. Nilikuwa ubavuni mwako, nikaona mdomo umefunguka lakini sauti haikutoka. Tulikuona unaushusha mkono, tukajua unaamini umelisema, na neno lenyewe halikuwepo. Nilitaka kulisema mimi, nikachelewa.

Alilisema Mama Anthony. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni. Alisogea mbele hatua moja akasema, si kwa sauti kubwa, "Shuka, Optatus." Ndiyo mara yake ya kwanza kulitaja. Kisha watu wote, kama wanavyojibu misani, "Shuka." Ule upepo uliousikia shingoni ukageuka kutazama, hapakuwa na upepo siku ile. Walikuwa ni watu.

Kesho yake katekista aliuliza jina. Anthony alifungua mdomo, mama yake akamwahi. "Optatus. Na Rubani." Katekista akasema Rubani si jina la mtakatifu. Mama Anthony akamwambia, "Ngoja." Jina la Trevor atapewa mbuzi. Na mimi leo asubuhi nimeitwa na Mama Anthony kutoka jikoni, "Mama Optatus, uji unaungua," na ulikuwa umeungua kweli, na sikujali.

Nimechoka, Babu, lakini ni uchovu mwingine. Jioni namweka mtoto juu ya kile kigoda namshika kiunoni, tunatazama kaskazini. Sijui nimwambie nini. Ndiyo maana bado nahitaji vitu hivi, umpe Sultani wa basi, yule anayetuletea barua, vifungwe vizuri:

Jina la kijiji cha Faruku, na jina la baba yake Mahmudu. Mama Anthony anataka wasomewe hitima na shehe wa hapa, na ubwabwa amesema ni wake.

Majina ya walioshuka Iringa, na alama za kila mmoja, kwa mpangilio wa kushuka.

Sauti ya ile injini, uiandike inavyosikika. Anthony anampigia mtoto sauti ya bodaboda na mtoto anacheka. Sitaki rubani anayewaka kama bodaboda.

Mbaazi, kama zipo.

Na la mwisho, bati la kanisa la Chidya. Sultani anasema siku hizi mapaa mengi huko yamebadilishwa. Niandikie rangi yake ya sasa, na kilicho jirani nalo. Hatuna haraka. Ila siku yako ikifika, sitaki Optatus akupitishe kwenu.

Macho ya Rubani,
Mama Optatus